Kuthibitisha na kuidhinisha si kitu kimoja

Mhariri,

Kitenzi kimoja kimekigharimu chama chetu hapa Lanet, Nakuru, shilingi elfu arobaini, na ndiyo sababu nakuandikia.

Mwaka jana tuliomba ruzuku ya ufugaji wa kuku kutoka ofisi moja ya umma. Baada ya majuma kadhaa barua ikaja, tena ya Kiswahili, jambo lililonifurahisha sana mimi niliyefundisha lugha hii hadi nikastaafu. Sentensi yake ya pili ilisema: "Ombi lenu limethibitishwa na ofisi hii." Kwa kuwa ndimi katibu, niliisoma mkutanoni kwa sauti. Akina mama wakapiga vigelegele. Juma lile halikuisha kabla hatujamlipa fundi wa jua kali malipo ya kwanza, Sh40,000, atuundie mashine ya kuangulia vifaranga.

Ruzuku haikuja. Nilipokwenda kuuliza, nilimkuta karani kijana, mwenye adabu zake. "Mwalimu," akaniambia, "sisi tulithibitisha kwamba ombi limefika na karatasi zimekamilika. Kuidhinisha ni kazi ya kamati, na kamati bado haijakaa."

Sina kinyongo naye. Ameandika kama anavyosoma magazetini, hili letu likiwemo. Katika kurasa zenu Bunge huthibitisha mawaziri, bodi huthibitisha bajeti, nchi huthibitisha mikataba, na polisi nao huthibitisha ajali ya Salgaa. Mambo manne yasiyofanana hata kidogo yamebebeshwa neno moja, na msomaji anaachiwa abahatishe.

Thibitisha limetokana na thabiti: kilichosimama imara, kisichotikisika. Anayethibitisha anatoa ushahidi kwamba jambo lipo au limetokea. Hana uwezo wa kulifanya liwepo. Afisa wa polisi anapothibitisha ajali, magari yalikwisha kugongana kabla hajafungua kinywa. Ujumbe wa simu unaokuambia pesa zimeingia unathibitisha, kwa sababu pesa zimeingia kweli. Jirani zake neno hili ni hakiki, kwa anayekagua kwanza ndipo aseme, na hakikisha, kwa anayeondoa shaka. Hata mwalimu akimaliza muda wa majaribio tunasema amethibitishwa kazini, nami sioni kosa hapo: kazi alikuwa nayo tayari, sasa imesimama. Wakristo nao wana kipaimara, ibada ya kuwaimarisha waliobatizwa, kipa na imara yakiwa yameunganishwa, na kila nikilisikia neno hilo humshukuru aliyeliunda, kwa maana mtoto hahitaji kamusi kulielewa.

Idhinisha ni jambo jingine kabisa. Ndani yake mna idhini, yaani ruhusa ya mwenye mamlaka, na bila ruhusa hiyo jambo haliendi mbele. Ndugu zetu Waislamu wanalijua vizuri: kabla ya kufunga nikahi, bibi arusi huombwa idhini yake. Hakuna anayesema bibi arusi "amethibitisha" ndoa, kwa kuwa ndoa yenyewe bado haijawa.

Ndivyo ilivyo kwa mawaziri. Kifungu cha 152 cha Katiba kinasema Rais huwateua, na kwa idhini ya Bunge la Taifa ndipo huwaweka kazini. Ninyi wenyewe mna msemo mzuri wa "kupigwa msasa", yaani kuhojiwa na wabunge, na aliyepigwa msasa bado ni mteule tu hadi wabunge waseme ndiyo. Tena wanaweza kusema hapana. Agosti 2024 waliwaidhinisha wateule 19 wakamkataa mmoja. Mkiandika kwamba Bunge "limethibitisha" mawaziri, mwananchi anaelewa kwamba walikuwa mawaziri tangu walipotangazwa na wabunge wamepiga muhuri tu. Mamlaka tuliyowapa wabunge tulipoipigia kura Katiba mwaka 2010 yanapunguzwa na kitenzi.

Na ninalolililia zaidi ni ridhia, kwa sababu hilo tumelitupa kabisa huku kwetu. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, gazeti likiandika kwamba Bunge limeridhia itifaki fulani, hakuna anayeuliza maana. Kenya tunaandika "kuidhinisha mkataba", "kuthibitisha mkataba", "kupitisha mkataba", siku nyingine yote matatu katika habari moja. Lakini ridhia ni ndugu wa ridhaa na radhi. Anayeidhinisha humfungulia mwingine njia. Anayeridhia hujifunga mwenyewe: amekubali kwa moyo, na kuanzia hapo anadaiwa. Ndicho hasa nchi inachofanya inapokubali kufungwa na mkataba.

Baadhi ya wasomaji wataniambia kutia saini kunatosha. Hakutoshi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, lakini ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zilipokwisha kuuridhia. Miezi saba ile yote ilikuwa ikingoja tendo moja, na tendo hilo lina jina lake katika Kiswahili. Eneo Huru la Biashara la Afrika nalo lilitiwa saini Kigali Machi 2018. Kenya na Ghana ndizo zilizotangulia kuwasilisha hati za kuridhia, Mei mwaka huo huo, na mkataba ukaanza kutumika Mei 2019 baada ya nchi 22 kuuridhia. Kwetu jambo hili ni zito kuliko tunavyodhani, kwani Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinaufanya mkataba ambao Kenya imeuridhia kuwa sehemu ya sheria zetu. Mama wa Kaptembwa, mtaa wa hapa Nakuru, anaweza kuutegemea mahakamani. Mkataba uliotiwa saini tu haumpi nguvu hiyo. Atajuaje tofauti ikiwa gazeti lake linayaita yote kuthibitisha?

Pitisha sina ugomvi nalo. Mswada hupita bungeni kama mtu anavyopita mlangoni, na picha hiyo ni yetu. Rasimisha, yaani kufanya rasmi, ambalo baadhi wanalipendekeza, linanitia wasiwasi kwa sababu sikio linasikia rasimu, nayo rasimu ni kitu kisichokamilika.

Mkitaka mfano wa karibu, tazameni jinsi Nakuru ilivyopata kuwa jiji. Bunge la kaunti lilipitisha ombi. Seneti ikaliidhinisha Juni 2021. Tarehe 1 Desemba mwaka huo Rais akakabidhi hati, na tangu siku hiyo tukawa jiji. Nakumbuka mwezi ule wa Juni jirani yangu alikuja mbio na gazeti mkononi, "Mwalimu, tumethibitishwa kuwa jiji!" Nikambishia, akaninunia karibu juma zima. Gazeti ndilo lililomwambia hivyo, na miezi sita ilikuwa bado mbele yetu.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kidogo na hakina gharama. Wahariri wako wa meza ya Kiswahili wakikutana na thibitisha katika habari, wajiulize: jambo hili lilikuwa kweli kabla huyu hajasema, au limekuwa kweli kwa sababu amesema? Likiwa la kwanza, waliache. Likiwa la pili, watafute nani amesema: kama ni mwenye mamlaka aliyetoa ruhusa, ni idhinisha. Kama ni mhusika aliyekubali kufungwa na ahadi, ni ridhia. Makarani wa ofisi zetu wanawasoma ninyi kuliko wanavyosoma kamusi, na mkirekebisha ninyi, barua zao zitarekebika.

Fundi wetu ni mtu mwema, amekubali kutungoja. Mashine imesimama nusu katika karakana yake, na kila Jumamosi akina mama hupita kuiangalia. Kamati ilikaa mwezi uliopita, na safari hii barua waliyotuandikia ni fupi: "Tumepokea ombi lenu. Halijaidhinishwa bado. Tafadhali msinunue chochote hadi tuwaandikie." Niliwasomea mara mbili. Hakuna aliyeuliza swali.

Wako katika lugha,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Lanet, Nakuru