Ukanda wa mita 60 za ufukwe ukabidhiwe kwa vijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ufukwe wa Ziwa Victoria, hasa ule ukanda wa mita 60 ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza kufanyika humo shughuli za kudumu au shughuli nyingine zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe. Siipingi sheria hiyo, na ningependa ifuatwe kuliko inavyofuatwa sasa. Tatizo ninaloliona katika vijiji vingi vya mkoa wetu, kuanzia Kayenze hadi Magu na kuvuka hadi Ukerewe, ni kwamba ukanda huo hauna mwenyewe. Mwanakijiji anaambiwa si wake, serikali ya kijiji haina mpango wala fungu la kuutunza, na ofisa anayehusika huonekana siku ya kung'oa nyanya na mchicha wa kina mama, kisha asionekane tena mpaka msimu mwingine.

Thamani ya ukanda huo huonekana mvua za kwanza zinaponyesha. Pale ambapo mafunjo na matete yangali yamesimama, maji yanayoshuka kutoka mashambani hupungua kasi, tope hutuama kwenye mizizi, na sehemu ya rutuba iliyosombwa hunyonywa na mimea yenyewe. Pale yalipochomwa moto wakati wa kiangazi, vikabaki vishina vyeusi kwenye tope lililopasuka, maji huingia ziwani yakiwa mekundu, na mbolea ya mkulima huishia kulisha magugumaji. Wavuvi wanajua kwamba kambare na kamongo ni samaki wa kwenye mafunjo. Pengine wengi hawajui kwamba hata baadhi ya furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walinusurika humo baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, kwa kuwa maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo mno na sangara hawezi kuyastahimili. Anayefyeka mafunjo anabomoa maficho ya samaki, hata kama hajawahi kugusa kokoro, ule wavu wa kukokota.

Lipo jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: mita hizo 60 zinaanzia wapi? Mwaka 2020 ziwa lilijaa hadi kukipita kile kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee wetu wanakisimulia hadi leo. Maji yakameza nyumba, mialo ya kupokelea samaki na mashamba, na yalipopungua yakaacha ardhi nyevu yenye rutuba ambayo kila mtu aliitamani. Ukipima kutoka ukingo wa maji mwezi Mei na ukapima tena mwezi Oktoba, unaweza kupata mipaka miwili tofauti kabisa, hasa kwenye fukwe tambarare za Ghuba ya Speke. Mkulima anayeambiwa amevunja sheria hana kigingi cha kuangalia, na anayemwambia hana ramani ya kumwonyesha. Katika hali hiyo, sheria hugeuka kuwa jambo la kuelewana baina ya watu wawili, na anayeumia ni yule asiye na cha kutoa.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa utunzaji unaofanikiwa, kwa sababu Wasukuma wana ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu ili yachipue. Maeneo ya Shinyanga ya zamani, ikiwemo Simiyu ya leo, yalipoteza miti mingi kwa kampeni za kuangamiza mbung'o na baadaye kwa kilimo cha pamba na wingi wa mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipata matokeo ulipoacha kutegemea miche ya vitalu peke yake na kurudi kwenye desturi ya wenyeji: eneo linafungwa wakati wa masika, nyasi na visiki vinachipua, kisha linafunguliwa kiangazi kwa utaratibu unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti kwa njia hiyo. Mto Simiyu unaomwaga maji yake kwetu Magu unatoka katika nchi hiyo hiyo, kwa hiyo tope tunalolilalamikia ufukweni haliwezi kutenganishwa na namna ngitili zinavyotunzwa, au zinavyouzwa, kule juu.

Napendekeza ufukwe utunzwe kwa utaratibu unaofanana na huo. Kijiji kiwekewe vigingi vya kudumu kwa kufuata alama ya maji ya juu, kisha kitunge sheria ndogo, kama kinavyoruhusiwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ikitaja ni wapi mafunjo hayaguswi kabisa, ni wapi matete yanaweza kukatwa kwa zamu kwa ajili ya kuezekea na kusukia mikeka, na ni njia zipi mifugo itapita kwenda kunywa maji. Kamati ya mazingira ya kijiji na BMU, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ambazo leo zinafanya kazi kama wageni, zikae meza moja, na faini zibaki kijijini.

Najua watu wengi hufyeka matete kwa kuogopa mamba, na hofu hiyo ni ya haki. Wapo waliopoteza watoto na wake zao wakichota maji. Hakuna mkutano wa kijiji utakaokubali kuacha matete yaote jirani na mahali pa kuchotea maji, labda kwanza vijengwe vizimba imara vya kuchotea au, bora zaidi, bomba lifike kijijini. Inasikitisha kwamba maji yanayovutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanafika Shinyanga, Kahama na hata Tabora, ilhali wapo wanaokaa ukingoni mwa ziwa hili ambao bado wanachota kwa ndoo. Sehemu ya ada zinazolipwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ingeweza kurudi kwenye vijiji hivi, kwa kuwa ndivyo vinavyoombwa kulinda chanzo.

Ombi langu kwa halmashauri za Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe ni kwamba upimaji na uwekaji wa vigingi ufanyike kiangazi, kabla ya mvua za vuli, na ufanywe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji ili kila mwenye shamba ajue mapema kama atalima hapo au atatafuta mahali pengine.

Mkazi wa Magu,
Mwanza