Wanafunzi wa bahari wapewe zamu, si ziara

Ndugu Mhariri,

Kila nikisikia kwamba meli ya utafiti imepakia wanafunzi, nafurahi, kisha nataka kujua walifanya nini walipofika kilindini. Zipo safari ambazo mwanafunzi husimama kando akitazama mafundi wakishusha vyombo, hupiga picha, akarudi nchi kavu na cheti cha mafunzo kwa vitendo. Hiyo ni ziara.

Chukua kazi moja tu, ya kupima maji. Chombo kinachopima joto, chumvi na kina hufungwa kwenye fremu ya chuma pamoja na chupa 12 au 24 za kuchotea maji, kikateremshwa kwa waya kiasi cha mita 60 kwa dakika. Penye kina cha mita 4,000, kushuka na kupanda hakuwezi kumalizika chini ya saa mbili. Chupa hizo hushuka zikiwa wazi, kisha huzibwa moja baada ya nyingine fremu ikiwa njiani kurudi juu, kwa amri ya aliyeketi mbele ya kompyuta. Huyo ndiye anayepaswa kuwa mwanafunzi! Auone mstari wa joto ukipinda ghafla, aamue chupa izibwe kwenye kina gani, na ajue kwamba kina kikishapita hakirudiwi bila kumgharimu kila mtu melini muda.

Fremu ikitua sitahani, kuna utaratibu. Sampuli ya oksijeni huchukuliwa mapema kabisa, kwa kuwa chupa ikishafunguliwa, hewa huingia na kuharibu kipimo. Ya chumvi inaweza kungoja. Mpira wa kutolea maji ufike hadi chini ya kichupa, maji yafurike, kiputo kisibaki hata kimoja. Njia ya Winkler ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini, ya mwaka 1888, ingali inatumika, na haimsamehe mzembe. Hayo yote nafundisha ubaoni, na wanafunzi wanaandika. Lakini aliyeyafanya usiku wa manane, meli ikienda mrama na vidole vimekufa ganzi kwa maji ya kilindini yenye nyuzijoto mbili tu, ameyajua kwa namna ambayo ubao wangu hauwezi kumpa.

Wapo wanaouliza kwa nini tusafirishe watu wakati maboya ya Argo, karibu 4,000, yanazunguka bahari zote yakijipimia yenyewe. Nayaheshimu sana maboya hayo. Ila mengi huzama hadi mita 2,000 tu, ilhali wastani wa kina cha bahari unakaribia mita 3,700. Tena kihisi chake cha chumvi kikianza kupotoka, hugunduliwa kwa kulinganishwa na vipimo makini vilivyochukuliwa kwa meli. Vipimo hivyo vinahitaji mikono, na mikono hiyo hainolewi kwa kutazama.

Najua nafasi za kulala melini ni chache, na meli kubwa hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa siku. Ndiyo maana kumpeleka mtu akatazame ni hasara. Mfano wa kuiga upo: mwaka 1991 UNESCO ilianzisha mpango wa mafunzo kupitia utafiti, maarufu kama Chuo Kikuu Kinachoelea, ambamo wanafunzi walikuwa sehemu ya utafiti wenyewe.

Kwa hiyo naomba wanaopanga safari hizi watenge walau vitanda viwili kwa wanafunzi katika kila safari. Kila mwanafunzi apangiwe zamu kamili kama wengine, hata kama siku za kwanza atatapika. Wengi hupata nafuu. Mabaharia wamfundishe kujihadhari na waya uliokazwa kabla hajakaribia winchi, yaani mashine ya kushusha na kuvuta waya huo. Akabidhiwe kituo kimoja cha kupimia kiwe chake tangu chombo kinapoteremka hadi takwimu zinaposafishwa, jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kituo hicho, na takwimu hizo aruhusiwe kuzitumia katika tasnifu yake.

Wako,
Mwalimu wa sayansi ya bahari