Mama, ngoja nikueleze ile picha ya Julai

Chicago, Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaikum wewe na wote hapo Ngamiani. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, ungeanza kulia, na mimi ningeishia kusema "basi Mama, si kitu". Safari hii nataka niseme mpaka mwisho. Najua macho yanakusumbua, na anayekusomea ni kitindamimba wetu. Ndivyo ninavyotaka. Asiruke mstari hata mmoja.

Mdogo wangu wa kike ameniambia kila kitu. Kwamba mtoto, huyohuyo anayekusomea, amepania kukimbia Kilimanjaro Marathon kule Moshi Februari, na kwamba siku hizi anatoka saa saba mchana, jua la utosi, anashika barabara ya Pangani bila chupa ya maji, ati anauzoesha mwili. Ukimkataza anakujibu kwamba dada yake yuko Marekani anakimbia juani kila siku, na kwamba Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, aliwashinda wote kwenye joto la Tokyo. La Simbu nitalifikia. Langu mimi lazima nilirekebishe leo, maana anafuata picha ninazotuma, na picha zile hazikusema yote.

Unaikumbuka ile ya Julai? Nimekaa kwenye nyasi, mtandio umelowa, mfuko wa barafu shingoni, nacheka. Uliipenda sana, ukawatumia mashangazi wote. Mama, ile picha nilijipiga mwenyewe saa moja baada ya kuokotwa. Nilijipiga ili usinitafute siku ile ukasikia sauti yangu.

Ilikuwa Jumamosi. Mbio za huku ninazojiandaa nazo, Chicago Marathon, ni Jumapili ya pili ya Oktoba, na maandalizi yake ni wiki 18, kwa hiyo miezi yote ya kiangazi unaipitia mazoezini, hakuna namna ya kuikwepa. Kila Jumamosi kuna mbio ndefu. Siku ile ratiba ilisema kilomita 26. Nilitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, na badala ya kulala nikabadili nguo. Mpaka naanza ilikuwa saa tatu na nusu, jua limeshapanda, hewa nzito kama ya kwetu mvua za masika zinapokaribia.

Mimi nilidhani nalijua joto. Nimekulia Tanga, nimefunga Ramadhani za kaskazi, nimetembea toka nyumbani hadi Raskazoni bila kofia mara zisizohesabika. Nilipowasikia watu wa huku wakilalamikia nyuzi 30 nilisema moyoni hawa hawajui jua. Nilikosea, na kosa lenyewe nimelielewa baadaye: mwili hauweki akiba ya joto la utotoni. Uzoefu wa joto unajengwa kwa siku 10 hadi 14 za kukaa nalo kidogo kidogo. Damu inaongezeka maji, jasho linaanza kutoka mapema na kwa wingi, na linapoteza chumvi kidogo kuliko awali. Ukikaa wiki chache tu kwenye baridi, yote hayo yanaondoka. Na mimi nina miaka minane ya baridi za huku.

Ninakokimbilia ni njia ya kando ya Ziwa Michigan, kilomita kama 29 kutoka mtaa wa 71 upande wa kusini, ninakoishi, hadi Ardmore kaskazini. Nilikuwa naelekea mjini, na upepo wa kusini unanisukuma mgongoni. Nikashukuru, nikadhani ni msaada. Kumbe upepo ukikufuata kwa mwendo wako wewe, mwilini hewa inasimama. Jasho lilinichuruzika mpaka kwenye soksi. Jasho la hivyo halisaidii kitu. Linalopoza ni lile linalokauka kwenye ngozi. Hewa ikishajaa maji halina pa kwenda, linadondoka tu chini. Wakati huohuo damu inagombaniwa, misuli inaitaka na ngozi inaitaka ili itoe joto nje, moyo unakwenda mbio kuwatosheleza wote wawili.

Nilipopita ufukwe wa Oak Street njia ikawa zege tupu, mti hakuna. Hapo nikaanza kusikia baridi. Nyuzi 33, Mama, na mikono inanisisimka, vinyweleo vimesimama. Nikajaribu kupiga hesabu ya kilomita zilizobaki, 26 toa 17. Nilijua ni hesabu ndogo, na nilijua kwamba siipati.

Pembeni palikuwa na kikundi cha wakimbiaji waliomaliza, wana sanduku la barafu. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu kwa Kiswahili. Hakungoja neno la pili. Walinilaza chini ya mwavuli wao, wakanimwagia maji ya barafu mwili mzima, wakaniweka barafu kwapani na shingoni, kijana mmoja akawa ananipepea kwa kipande cha boksi. Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walisema wale watu wamefanya jambo lililotakiwa: kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Kiharusi cha joto, pale joto la mwili linapopita nyuzi 40 na akili ikaanza kupotea, hakingoji foleni ya hospitali. Mimi walinipoza kabla sijafika huko. Yule mama hakunitajia hata jina lake, na mpaka leo namuombea dua kila baada ya sala.

Hayo ndiyo niliyokuficha. Nisamehe. Niliogopa utaniambia niache.

Bibi ninayemhudumia ana miaka 88, na alikuwepo mjini hapa Julai 1995. Joto lilifika nyuzi 41, usiku nao haukupoa, na watu zaidi ya 700 wakafa kwa siku chache, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani, madirisha yamefungwa. Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa mmoja wao. Nilipomsimulia yaliyonipata hakunikaripia. Aliniambia nisogee karibu, akaniwekea kiganja shingoni, kama unavyofanya wewe ukitaka kujua kama mtoto ana homa. Kisha akaniuliza kama nina mtu wa kukimbia naye. Sikuwa naye.

Sasa ninaye, tena si mmoja. Nimejiunga na wanawake wa mtaani, watano, tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Jumamosi tunaanza saa kumi na nusu, bado giza. Mwendo wangu wa kawaida ni dakika 7 kwa kilomita. Siku yenye unyevu naenda 7 na nusu, hata 8, na saa ya mkononi siiangalii. Naangalia kama naweza kuzungumza. Nikishindwa kumaliza sentensi, natembea. Mtandio navaa ule mwepesi mweupe, kila penye bomba la maji naulowesha, na siku za joto kali naufunga na barafu ndani yake nyuma ya shingo. Nimegundua stara na joto havigombani kama watu wanavyodhani. Nguo pana nyepesi ni kivuli unachotembea nacho.

Maji nilikuwa sijui kuyanywa, nayo ni habari ndefu. Baada ya Julai niliingia hofu, nikawa nakunywa kila hatua, tumbo linacheza, kichwa kinauma. Mwenzangu mmoja ni nesi, akanizuia. Maji matupu mengi kupita kiasi yanaishusha chumvi ya damu, na hilo nalo limeua wakimbiaji. Akanifundisha kujipima: napanda mzani kabla ya kutoka na nikirudi. Mara ya kwanza nilirudi nimepungua kilo moja na nusu kwa saa mbili, na hiyo si nyama, ni maji yaliyotoka. Kwa hiyo najua takriban jasho langu ni kiasi gani, na nakunywa kidogo kidogo kwa kadiri ya kiu, bila kurudi mzito kuliko nilivyotoka. Kwenye chupa natia chumvi kidogo, sukari na limau, kama yale maji uliyokuwa unatukorogea tukiharisha. Hutaamini ni kitu kilekile wanachouza huku kwa bei kubwa kwenye chupa za rangi.

Madafu ndiyo nayakosa. Lakini mtoto asije akadhani dafu peke yake linatosha. Lina sukari na madini, ila chumvi yake ni ndogo, na jasho linaondoka na chumvi nyingi. Dafu na muhogo wa kukaanga ulionyunyizwa chumvi, hapo sawa.

Sasa hapa, wewe unayesoma, kunja karatasi kidogo umwambie Mama apumzike. Nazungumza na wewe, mdogo wangu.

Ile Septemba 2025 wewe ulikesha na mimi nilikuwa nimetoka kazini, tukatazama pamoja kwa simu Simbu akikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo. Umekumbuka dhahabu tu. Kumbuka na mbio zenyewe. Simbu alikaa katikati ya kundi, hakuongoza, hakuonyesha mtu kifua, mpaka wanaingia uwanjani. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yeye na Petros wa Ujerumani muda mmoja, ikabidi picha iamue. Miezi mitano kabla ya hapo, Boston, kwenye hewa ya Aprili, alikuwa wa pili kwa saa 2 na dakika 5. Piga hesabu. Ili awe bingwa wa dunia kwenye joto alikubali kwenda polepole kwa zaidi ya dakika nne. Hakushindana na jua, aliwaachia wengine washindane nalo. Najua Baba, Mungu amrehemu, alitulea kwa hadithi za Juma Ikangaa, Mtanzania yule aliyekaa mbele bila kugeuka akashinda New York 1989, na mimi moyo wangu bado unampenda mkimbiaji wa namna hiyo. Lakini joto linataka mwingine.

Halafu jiulize, Moshi mnaanza saa ngapi? Asubuhi na mapema. Jua kali litakukuta ukiwa unapanda Mweka, miguu imeshachoka, na hapo utahitaji mwili uliozoea joto, kweli. Basi uzoeshe kwa adabu. Kaskazi ikiingia, mazoezi yako makubwa yafanye alfajiri. Wiki mbili tatu kabla ya mbio, tenga siku chache za kukimbia jua likiwa limepanda, nusu saa, mwendo wa kuzungumza, una maji, una mwenzako pembeni. Ongeza taratibu. Ukisikia baridi juani, simama. Ukishindwa hesabu ya 26 toa 17, usikimbie hatua moja zaidi, tafuta kivuli na umwambie mtu. Na mwenzako akianza kujibu maneno yasiyoeleweka, usimpe maji na kumwacha akae. Mmwagie, mpepee, ita watu. Fanya kwake kama walivyonifanyia mimi watu wasionijua.

Mama, narudi kwako. Mbio zetu, wa kwanza wanaanza saa moja na nusu asubuhi, sisi wa nyuma tunafuata kwa mafungu. Huko itakuwa saa tisa na nusu alasiri. Oktoba kwa kawaida ni baridi, lakini mwaka 2007 joto lilifika nyuzi 31 siku yenyewe ya mbio, wakazisimamisha zikiwa njiani, maelfu wakageuzwa. Siku hizi wanapandisha bendera: kijani, njano, nyekundu, na nyeusi ikimaanisha zimefutwa. Nakuahidi kwa jina la Baba, ikipanda nyeusi narudi nyumbani nalala. Ikipanda nyekundu natembea. Sitakutumia picha ya kucheka kabla sijakupigia.

Viatu ni namba 43, vimefungwa kwenye ile kanga ya bluu ndani ya begi la mgeni wangu anayerudi Tanga wiki ijayo. Barua akupe kwanza, viatu baadaye. Na mtoto asivipate mpaka akusomee yote haya kwa sauti, pamoja na pale niliposema nilimjibu yule mama kwa Kiswahili.

Wasalimie mashangazi, na waombe radhi kwa ajili yangu kwa ile picha.

Binti yako mkubwa