Barua kwa mpwa wangu: kisu cha kukunja kwa mtu wa pwani

Mpwa wangu wa Mikindani,

Umeuliza kisu gani chembamba cha kukunja kinafaa kukaa mfukoni kutwa. Nakujibu hadharani, maana vijana wengi wa Mtwara na Lindi wana swali hilohilo. Usihangaike na ukali. Kisu kikiwa kipya karibu vyote hukata. Vya kwetu huuawa na chumvi, nayo huanzia kwenye bawaba, pale ubapa unapoingia kwenye mpini.

Kwa hiyo anza na mpini. Kielekeze kwenye mwanga. Ukiona uwazi upande wa mgongo, maji na mchanga vina pa kutokea. Mpini uliozibwa kote hufuga unyevu. Opinel ya Ufaransa ni kisu chepesi na kizuri, ila mpini wake ni wa mti, na mti ukinywa maji huvimba, ukaubana ubapa mpaka kuufungua inakuwa kazi. Ukiipenda, chukua iliyoandikwa INOX, yaani ya chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Ile ya chuma cha kaboni haifai kwa mtu wa ufukweni. Chuma cha aina iitwayo D2 kinasifiwa kwa kutunza makali, na sifa hiyo ni ya haki, lakini hakihimili maji ya bahari. Tafuta ubapa ulioandikwa 12C27 au 14C28N, aina za chuma zinazostahimili kutu. Ubapa wa sentimita 7 au 8, wenye unene wa milimita 2 hivi mgongoni, unatosha kabisa.

Kabla ya kulipa, kifungue, shika mpini, usukume ubapa kushoto na kulia. Ukicheza, na kukaza skrubu ya bawaba hakusaidii, kirudishe. Kisha kifunge, ncha itazame chini, ukitikise. Ubapa ukichungulia, usikinunue hata kwa bei ya bure: siku moja utaingiza mkono mfukoni ukutane na ncha.

Kazi yake ni nyuzi za gunia, kamba nyembamba, embe, samaki wa mboga. Dafu lina panga lake. Usikitumie kubandulia kitu, kwani ncha nyembamba huvunjika na loki, ile kufuli inayozuia ubapa usijikunje, hulegea. Korosho mbichi usiipasue nacho kabisa. Mafuta ya ganda lake huchoma ngozi, na yakishaingia kwenye mpini yatakufuata hadi kwenye embe lako. Maji ya mabibo nayo huacha madoa meusi ukichelewa kuyafuta.

Ukitoka ufukweni, kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikiwa wazi, ukifungue na kukifunga ndani ya maji mara kadhaa ili bawaba ijisafishe. Kipanguse, kiache wazi kikauke, halafu tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Moja tu, yakizidi yanakamata mchanga. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi.

Kunoa ndiko wengi wanakoharibu. Jiwe la mashine likipelekwa kwa pupa huchemsha makali, na ukiona rangi ya buluu ukingoni, ujue pale chuma kimeshalainika, hakitatunza makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe. Tumia kinoo cha mkono kilicholoweshwa maji. Ubapa wenye upana wa sentimita 2 uinulie mgongo kama milimita 7 juu ya jiwe. Hapo umepata pembe ya nyuzi 20. Noa upande mmoja bila kubadili mwinuko mpaka kidole gumba, kikivutwa kutoka mgongoni kuelekea ukingoni upande wa pili, kihisi mkwaruzo mwembamba kuanzia shina hadi ncha. Huo ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Wanaoacha kabla yake hulalamika kwamba jiwe ni bovu. Geuza, fanya vivyo hivyo, kisha punguza nguvu, ukibadilisha pande kila mkupuo. Malizia kwa kukiburuza kinyumenyume, mgongo ukitangulia, juu ya mkanda wa ngozi.

Na ukisafiri kwa ndege kutoka Mtwara, kiweke kwenye begi linalokabidhiwa kupakiwa. Kikiwa mfukoni, watakichukua kwenye ukaguzi.

Mjomba wako, Lindi