Kukimbia mbele za watu: barua kwa Rehema

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umesema raba zimekaa mlangoni wiki tatu sasa. Kila asubuhi unafunga kamba, unachungulia dirishani, ukiona mtu anapita unazivua. Umeniuliza ufanye nini aibu iishe kwanza ndipo uanze kukimbia. Ndugu yangu, hapo umetanguliza la mwisho. Aibu hii haiishi mtu akiwa ndani, inapungua akiwa njiani, na kinachoipunguza kuliko kitu kingine chochote ni kukimbia polepole. Polepole kuliko unavyodhani mkimbiaji anapaswa kwenda.

Nikueleze sababu. Mtu akijua anatazamwa, miguu huongeza mwendo yenyewe. Mwaka 1983 watafiti wawili, Worringham na Messick, walichapisha jaribio ambalo walimweka mwanamke pembeni mwa njia wanayopita wakimbiaji. Alipokaa amewapa mgongo, mwendo wao haukubadilika kwa kiasi cha maana. Alipokaa akiwaelekea, waliongeza kasi. Na hao walikuwa watu waliokwisha kuwa na mazoea ya kukimbia. Sasa mfikirie anayeanza: moyo umeshaanza kwenda mbio kwa wasiwasi kabla hajapiga hatua, kisha anaona watu, anakaza mwendo. Dakika mbili hazijaisha anatweta, mabega yamepanda hadi masikioni, kichomi kimemshika ubavuni. Anasimama ameshika kiuno, yaani anaonekana vile vile alivyoogopa kuonekana. Akirudi nyumbani anasema mwili wake haukuumbwa kwa kukimbia, kumbe ni mwendo tu uliomshinda.

Kwa hiyo anza hivi. Tembea kwa haraka dakika 5. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara 6, umalize kwa kutembea dakika 5. Jumla ni dakika 28, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku upumzike. Kasi yako iwe kilomita moja kwa dakika 8 au 9, ambayo inamzidi kidogo tu mtu anayetembea kwa haraka. Kama huna saa ya kupimia, tumia mdomo: ukiwa unakimbia, sema sentensi nzima kwa sauti ndogo. Ikikatika katikati kwa kuhema, punguza. Hatua ziwe fupi, na mguu utue chini ya kiuno chako. Ukiurusha mbele sana unapiga kishindo, goti linaumia, na kishindo hicho ndicho kinachowageuza watu shingo.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wengi hunasa. Wanatembea pale pasipo na mtu, na wakiona watu wanaanza kukimbia ili wasionekane wamechoka. Mpango wote unavurugika, na pumzi inaisha mbele ya watu wale wale. Ifuate saa. Kama dakika ya kutembea imeangukia mbele ya kundi, tembea, kichwa juu, mikono ikienda, simu mfukoni. Ukiinamia simu, mwenyewe utahisi unajificha.

Njia uichague kwa makini. Kuzunguka uwanja mdogo kunamfanya mgeni apite mbele ya watu wale wale mara nane, na kila mara anahisi wanamhesabia. Bora njia iliyonyooka: nenda dakika 14, geuka, rudi. Hata hiyo kugeuka huwatia watu haya, maana wanajiona kama wamepotea. Basi tafuta mapema alama ya kugeuzia, mti mkubwa au njia panda. Ukifika, uguse mti au uvuke upande wa pili, kisha urudi. Mwili ukiwa na shughuli ya kufanya pale, ile hali ya kubabaika haipati nafasi.

Sasa sehemu yenyewe ngumu: watu watatu wamesimama mbele yako, nawe unawaendea. Ukiwa hatua kama 20 kutoka kwao, toa pumzi ndefu kwa mdomo, na pumzi inapotoka acha mabega yashuke nayo. Fungua ngumi. Macho yatazame mbele, mita 15 au 20, kupita pale waliposimama. Ukiwafikia, toa salamu fupi au tikisa kichwa, uendelee kwa hatua zile zile. Ukishindwa kukimbia mbele yao, wapite ukitembea, lakini usigeuke nyuma. Ukikimbilia pembeni wasiwasi unashuka mara moja, na akili inashika kwamba kukimbilia pembeni ndiko kulikokuokoa. Kesho yake hofu inakuwa kubwa zaidi. Ukiwapita, wasiwasi unashuka wenyewe kidogo kidogo ukiwa bado njiani.

Na wale watu, wanakuona kiasi gani? Mwaka 2000, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha jaribio ambalo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya kumtia haya kisha akaingizwa chumbani kwa wenzake. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha iliyo kifuani. Walioitambua hawakufika robo. Sikuambii hili ili uamini hakuna atakayekutazama, maana watakaokutazama wapo. Ila watakuwa wachache kuliko hesabu uliyoifanya kichwani, nao watasahau upesi.

Mavazi yajaribu nyumbani. Vaa kila kitu, ruka mara 20, kimbia papo hapo dakika 2. Chochote ulichokivuta au kukirekebisha zaidi ya mara moja, kiache. Mkono unaovuta fulana kila hatua haukuachi usahau mwili wako. Sidiria iwe ya michezo: vidole viwili viingie chini ya mkanda wake, lakini mkanda usipande ukiinua mikono. Pamba hunyonya jasho, inakuwa nzito na kuchubua, kwa hiyo chagua kitambaa kinachokauka upesi. Paka vaselini kwapani, mapajani kwa ndani na pale mkanda wa sidiria unapokaa. Kamba za raba zipige fundo mara mbili. Usile mlo mzito ndani ya saa mbili au tatu kabla ya kukimbia, hapo kichomi utakikaribisha mwenyewe.

Najua utafikiria kukimbia usiku kwa nguo nyeusi ili usionekane. Tafadhali usifanye hivyo. Dereva naye hatakuona. Toka mapema kukiwa na mwanga, vaa rangi ya kung'aa, na pasipo na njia ya miguu kimbia upande unaotazamana na magari. Kofia ya kukinga uso na hedifoni ya sikio moja si vibaya kwa majuma ya mwanzo, ila uviache kimoja kimoja.

Mtu akikurushia neno, usijibu wala usikaze mwendo. Hesabu hatua 30 na pumzi zako. Lakini akikufuata, hilo ni jambo jingine kabisa: elekea penye watu, usiende moja kwa moja nyumbani, na siku zinazofuata ubadilishe saa na njia.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Njia ile ile, saa ile ile, mara sita za mwanzo. Kisha saa yenye watu zaidi, njia ibaki. Kisha njia mpya. Dakika za kukimbia ziongeze ukiona sentensi yako inatoka nzima hadi raundi ya mwisho: 2 za kukimbia kwa 2 za kutembea, kisha 3 kwa 2.

Kesho usikimbie. Vaa raba, toka, utembee njia nzima ukitafuta mti wa kugeuzia, uuguse, urudi. Dakika ya kwanza ya kukimbia iwe keshokutwa. Ukimaliza niandikie uniambie ni mti gani, na sentensi yako ilikatikia raundi ya ngapi.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi