Barua kwa Rashidi kuhusu jimbo lisiloonekana kwenye ramani

Hyderabad, India

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, pamoja na swali lako kwamba jimbo la Hyderabad lililofanya uchaguzi mwaka 1952 limekwenda wapi, kwa kuwa leo Hyderabad unaiona kwenye ramani kama mji tu.

Jimbo hilo lilikuwapo, na lilikuwa kubwa. Jeshi la India lilipoingia Septemba 1948 na kukomesha utawala wa Nizamu, yaani mfalme wa Hyderabad, nchi yake iliachwa kuwa jimbo moja, ingawa wenyeji wake walizungumza Kitelugu mashariki, Kimarathi kaskazini-magharibi na Kikannada kusini-magharibi, achilia mbali Kiurdu cha mjini na maofisini. Katika uchaguzi wa Bunge la Jimbo, chama cha Congress kilipata viti 93 kati ya 175, na Burgula Ramakrishna Rao akawa Waziri Kiongozi. Wakomunisti, waliokuwa wamepigwa marufuku, walisimama kwa jina la People's Democratic Front wakapata viti 42, kwa nguvu ya vijiji vya Telangana, yaani ule upande wa mashariki wa Kitelugu, ambako walikuwa wameongoza uasi wa wakulima dhidi ya mabwanyenye wa ardhi.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Potti Sriramulu alifariki baada ya kususia chakula kwa takriban wiki nane, akidai Watelugu wa jimbo jirani la Madras wapewe jimbo lao. Jimbo la Andhra likazaliwa Oktoba 1953, na madai ya namna hiyo yakazagaa India nzima hata serikali ikaunda tume ya kupanga upya mipaka ya majimbo, chini ya Jaji Fazl Ali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mipaka ilifuata lugha tu. Kwa Wamarathi na Wakannada, sawa: tarehe 1 Novemba 1956 eneo la wa kwanza liliunganishwa na jimbo la Bombay na la wa pili na jimbo la Mysore. Lakini kuhusu Telangana, tume ilipendekeza ibaki jimbo la peke yake, na kwamba ingeungana na Andhra baada tu ya uchaguzi wa mwaka 1961 au karibu na hapo, iwapo theluthi mbili ya wabunge wake wangekubali. Pendekezo hilo, lililokuwa la busara kuliko yote kwa maoni yangu, liliwekwa kando. Viongozi wa pande mbili walitia saini mapatano Februari 1956, yakiahidi Telangana ulinzi katika ajira na elimu, na Andhra Pradesh, jimbo la pande zote mbili, ikaundwa bila mpiga kura kuulizwa.

Utapenda kujua kichekesho kimoja: mwaka 1957 uchaguzi wa Bunge la Jimbo ulifanyika upande wa Telangana peke yake, kwa kuwa wenzao wa Andhra walikuwa wamekwisha kuchagua mwaka 1955, na wabunge hao wakaendelea kukalia viti vyao hadi 1962.

Malalamiko kwamba ahadi hazikutimizwa yalilipuka mwaka 1969, yakapoa, yakarudi, hadi Telangana ilipokuwa jimbo tarehe 2 Juni 2014, huku mji huu ukiwa makao makuu ya majimbo yote mawili kwa muda wa miaka 10. Muda huo ulikwisha mwaka 2024. Sasa Hyderabad ni ya Telangana peke yake.

Nisalimie Mama.

Wasalaam,
Rafiki yako, Salim