Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: kitabu cha hadithi kiishie kwenye aya, si kwenye muhtasari

Ndugu Afisa Elimu, Awali na Msingi,

Yah: Uandishi wa aya kuhusu vitabu vya hadithi, darasa la tano na la sita

Fungua daftari la Kiswahili la darasa la tano pale mwalimu alipotoa kazi ya kitabu cha ziada. Mara nyingi utakuta majibu ya neno moja moja, au kurasa mbili zinazoanza na "Hapo zamani za kale" na kuisimulia hadithi nzima upya mpaka mkono ukachoka. Aya inayosema jambo moja kuhusu kitabu na kulithibitisha ni nadra. Tunakuandikia wewe, si Wizara wala Baraza la Mitihani, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachokwamisha iko mezani kwako: mitihani ya halmashauri, vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) na makabati yenye vitabu.

Kosa la kwanza liko kwenye swali, wala si kwa mtoto. Ukimwambia "fupisha hadithi hii", umeomba masimulizi na utapewa masimulizi. Ukimuuliza "hadithi inatufundisha nini?", ataandika "tusiwe wabaya" bila hata kufungua kitabu, maana ameshazoea kwamba kila hadithi hubeba funzo na funzo lenyewe halibadiliki. Swali linalozaa aya lina pande mbili zinazoweza kutetewa, na jibu lake halipatikani bila kurudi kwenye kurasa. Tuseme darasa limesoma hadithi ya mtoto, tumwite Tumaini, aliyemuuza mbuzi aliyekuwa akichungwa na bibi yake ili amnunulie mdogo wake dawa. Swali liwe: je, Tumaini alikosea? Mtoto wa darasa la tano anaweza kufika hapa:

"Kwa maoni yangu Tumaini alikosea. Katika ukurasa wa 14 bibi anamwambia kuwa yule mbuzi ni amana ya jirani. Kwa hiyo Tumaini alijua anauza mali ya mtu mwingine. Tena katika ukurasa wa 19 anatokea mlango wa nyuma ili asionekane. Mtu anayeamini anatenda haki hajifichi. Angemweleza bibi kuhusu homa ya mdogo wake, huenda wangekopa pesa."

Sentensi sita tu. Ya kwanza ni jibu. Ya pili na ya nne ni ushahidi wenye namba ya ukurasa. Ya tatu na ya tano ni ufafanuzi, yaani zinaeleza ushahidi ule unathibitisha nini. Ya mwisho inasogeza wazo mbele bila kurudia la kwanza. Watoto wengi hujifunza jibu na ushahidi ndani ya wiki mbili. Wanapokwama ni kwenye ufafanuzi: wanaweka ukurasa wa 14, wanaruka hadi ukurasa wa 19, na msomaji anaachwa aunganishe mwenyewe. Dawa yake ni swali moja ambalo mwalimu hulirudia bila kuchoka kila mtoto anapotaja ukurasa: "Kwa hiyo?" Baada ya muda watoto huanza kuulizana wenyewe.

Kuna kipimo cha haraka ambacho mwalimu anaweza kukitumia akipita kati ya madawati. Atazame vitenzi. Aya iliyojaa "akaenda, akafika, akamwona, akarudi" inasimulia, kwa kuwa -ka- ndiyo kazi yake, kufuatanisha matukio. Aya inayofafanua huegemea "ni", "anajua", "ameficha", "inaonyesha". Mwanafunzi azungushie duara kila -ka- aliyoiandika. Zikizidi mbili, achague tukio moja analolihitaji kama ushahidi na afute mengine. Ni sarufi ileile tunayofundisha Jumatatu, ila safari hii inafanya kazi kwenye uandishi wa Alhamisi.

Kosa jingine linatokana na lugha yetu ilivyo. Kiambishi a- hakisemi kama ni bibi au mjukuu, hivyo "alimwambia amrudishie" humwacha msomaji gizani kabisa pale wahusika wanapokuwa watatu. Kanuni iwe nyepesi: kila ushahidi mpya, jina la mhusika litajwe upya. Nukuu nazo ziwe fupi, zisizidi maneno kumi ndani ya alama za mtajo. Asiyeweza kunukuu ageuze usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, somo ambalo tayari analo.

Kabla ya kuandika kuna kazi ambayo hurukwa mara nyingi kwa haraka ya kumaliza mada. Kitabu kiwe chembamba, kurasa 24 hadi 48, wahusika wakuu wasizidi watano. Nakala moja kwa wanafunzi watano inatosha. Ikiwa shule ina nakala moja tu, mwalimu asome kwa sauti na kuandika vifungu viwili au vitatu muhimu kwenye bango kitita, pamoja na namba za kurasa. Usomaji usimamishwe mhusika anapofikia kuamua jambo, si mwisho wa sura. Hapo kila mwanafunzi apige mstari katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto aandike kilichosemwa au kutendwa na ukurasa wake, kulia aandike kinaonyesha nini. Mistari mitatu kwa kila sura. Kisha dakika tano za kusema kwa jozi kabla ya kalamu kuguswa. Asiyeweza kulisema jibu lake kwa mdomo hataliandika. Na kama kule nyumbani kwao hawazungumzi Kiswahili, aanze kulijadili kwa lugha anayoimudu, aandike kwa Kiswahili. Hakuna kinachoharibika.

Kipindi cha dakika 40 hakibebi yote haya. Vinahitajika viwili kwa wiki, kimoja cha kusoma na kujaza safu mbili, kingine cha kuandika.

Lipo pia suala la mfano ubaoni. Mwalimu huandika aya nzuri, huiacha pale, na jioni hukusanya madaftari 80 yenye aya ileile. Mfano utoke kwenye kitabu kingine, au kwenye swali jingine, na ufutwe watoto wanapoanza kuandika. Vianzio kama "Naona kwamba…" na "Hii inaonyesha…" vibaki ubaoni wiki tatu za mwanzo, kisha viondolewe kimoja kimoja. Vikikaa muhula mzima vinageuka mkongojo.

Tufike kwenye usahihishaji, maana ndipo walimu wengi wanapoiacha kazi hii, na wana haki. Madaftari 80 kwa dakika tatu kila moja ni saa nne. Hakuna mwalimu wa vipindi sita kwa siku atakayeziweka kila wiki. Asahihishe 20 kwa wiki, ili kila mtoto apate jicho la mwalimu mara moja kwa mwezi. Waliobaki wabadilishane madaftari na kutafuta vitu vitatu tu: jibu liko wapi, ukurasa uko wapi, ufafanuzi uko wapi. Alama ziwe tano: moja kwa kila kimoja cha hivyo vitatu, mbili kwa lugha. Kuchanganya r na l kusizame aya nzima kwenye wino mwekundu. Mtoto aandike upya sentensi moja iliyo dhaifu kuliko zote, si aya yote.

Sasa maombi yetu. Mtihani wa Taifa wa kumaliza elimu ya msingi kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi ya jibu sahihi, nasi hatukuombi uubadilishe. Mitihani ya muhula na ya utamirifu (ile ya majaribio kabla ya mtihani wa Taifa), hata hivyo, hutungwa chini yako. Weka ndani yake swali moja la aya, alama tano, kuhusu kifungu cha hadithi kilichochapwa kwenye karatasi yenyewe, ili shule isiyo na vitabu isionewe. Swali likiwepo, litafundishwa. Waagize maafisa elimu kata watenge kikao kimoja cha MEWAKA kila muhula ambamo walimu wenyewe wataandika aya kuhusu kitabu kimoja, kisha wasahihishe pamoja aya kumi za wanafunzi na kubishana juu ya alama. Kikao cha slaidi hakitasaidia hapa.

La mwisho ni kabati. Katika shule nyingi vitabu vya ziada vimefungiwa ofisini kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa kuulizwa nakala iliyochanika. Toa waraka mfupi unaosema kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe kuwa kimetumika, si kimepotea, na kwamba daftari la kuazimisha litakaguliwa pamoja na idadi ya nakala. Waraka huo ukifika kabla ya shule kufunguliwa Januari, vitabu vitaanza kutoka wiki ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa Kiswahili, darasa la tano na la sita

Nakala: Maafisa Elimu Kata, Walimu Wakuu, shule za msingi